Gramu Kumi na Moja

Mizani ilisema mia tatu themanini na moja. Mtunza stoo akaiondoa chupa, akaipangusa sahani ya mizani kwa kitambaa, akairudisha chupa polepole kama mtu anayelaza mtoto. Mia tatu themanini na moja. Akavua miwani, akaipangusa nayo, maana huwezi kujua, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Zile namba hazikuwa na haya. Zilimkodolea macho vilevile.

Kwenye lebo ya chupa, kwa penseli na kwa mwandiko wake mwenyewe, ilikuwa imeandikwa mia tatu tisini na mbili. Hiyo aliiandika saa tano asubuhi, baada ya mwanafunzi kupimiwa fuwele zake za kulainishia majani ya kutazama kwenye hadubini. Tangu hapo hakuna mtu aliyekuja kuomba. Gramu kumi na moja zilikuwa zimeota miguu.

Chuoni walimwita Bwana Mizani, na wengi wa wanafunzi hawakujua kama ana jina jingine. Watunza stoo wengine hupima chupa za hatari mara moja kwa muhula, tena wakikumbushwa. Yeye alipima kila chupa ikitoka na kila ikirudi, akaandika uzito kwenye lebo, na chini kabisa ya kila lebo aliandika uzito wa chupa tupu. "Ukipima bila kutoa chupa," alikuwa akiwaambia wanaoanza kazi, "umepima kioo, hujapima kitu." Walimcheka. Kuna mwaka walimchora ubaoni akijipima yeye mwenyewe kabla na baada ya kwenda chooni. Na yeye alicheka. Kisha akafuta ubao, akaendelea kupima.

Chupa hii ya kahawia ilikaa rafu ya tatu, ndani ya kabati lenye kufuli, na ndani yake mlikuwa na klorali: fuwele nyeupe zinazong'aa, ambazo asiyezijua angedhani ni chumvi ya mawe. Zinayeyuka majini upesi. Zina harufu kali ya tunda lililoiva kupita kiasi, na ukionja, koo linawaka. Chuoni zilitumika kuyafanya majani yapenyeze mwanga, na mara chache kuwalaza panya wa majaribio. Ndani ya mlango wa kabati palibandikwa karatasi ya tahadhari ambayo Bwana Mizani aliisoma mara nyingi mpaka ikawa kama sura yake mwenyewe kwenye kioo: huleta usingizi mzito, hupunguza pumzi, huvuruga mapigo ya moyo, huunguza ngozi, ni hatari zaidi pamoja na pombe.

Alirudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua. Saa saba mchana dada yake alimletea chakula, kama alivyofanya siku hizi ambapo mke wa Bwana Mizani alikuwa ameenda kumwuguza binti yao aliyejifungua. Wakati huohuo Profesa, mkuu wa maabara, alimwita amfungulie chumba cha pili. Chupa alikuwa ameitoa ili aikaushe nje, imepata unyevunyevu. Aliiacha mezani, kabati wazi. Dakika tatu. Labda tano. Miaka ishirini na saba hajawahi, leo dakika tano.

Hakumfikiria dada yake. Alimfikiria yule mwanafunzi, akawafikiria wafagiaji, akaona haya kwa kuwafikiria.

Penseli ilikuwa mkononi, na penseli ile ilikuwa na ufutio upande wa pili. Kufuta gramu kumi na moja ni kazi ya pumzi moja. Ilibaki miezi minane astaafu. Akaandika mia tatu themanini na moja, akaweka tarehe na saa, akafunga kabati, akajiambia kesho asubuhi na mapema atamwona Profesa, liwalo na liwe.

*

Dada yake alimlaki mlangoni, kidole mdomoni, uso umechanua kama wa bibi harusi.

"Shii! Vua viatu. Mama kalala."

"Kalala?"

"Fofofo! Tangu saa tisa na nusu. Husikii palivyo kimya? Hata ile spana leo imetupa nafasi."

Bwana Mizani alisimama na kiatu kimoja mkononi. Ilikuwa miezi minne tangu wamzike mdogo wao, kitinda mimba, fundi bomba, na kwa miezi hiyo minne mama yao hakulala usingizi wa kueleweka. Mchana alisinziasinzia kwenye kiti. Usiku alitembea. Alitembea ukumbini kwenda na kurudi, na kwenye mfuko wa gauni lake alibeba spana ya marehemu, ile kubwa yenye mpini uliofungwa utepe mwekundu, nayo ilikuwa ikigonga vifungo vya gauni, tik, tik, tik, mpaka kunakucha. Walimpeleka zahanati wakapewa vidonge ambavyo havikumfanya hata apige miayo. Walimbembeleza, wakamkaripia, wakamwekea redio. Tik, tik, tik.

Sasa kimya. Aliingia chumbani kwa ncha za vidole.

Mama alilala chali, mdomo wazi kidogo, mikono imenyooka pembeni kama ya mtu aliyewekwa na mwingine. Bwana Mizani alianza kuhesabu pumzi zake bila kukusudia, kwa mazoea tu ya kuhesabu kila kitu. Pumzi moja. Akangoja. Akangoja tena. Ya pili ilikuja kama imeombwa.

Akainama karibu na mdomo wake. Harufu ilikuwa ya tikiti lililokatwa likasahauliwa juani.

Alijinyoosha taratibu.

"Dada. Mama amekula tunda leo?"

"Tunda la wapi? Kala supu, vijiko vitatu, tena kwa kubembelezwa."

"Umempa nini?"

Dada mtu alikuwa mshonaji, mtu mzima wa miaka sitini, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alikunja mikono kifuani. "Nimempa ulichokataa kumletea wewe. Wiki tatu nakuomba, wiki tatu unanipa hotuba. Panya wa watu wanalala raha mustarehe, mama aliyekuzaa anakesha! Nimechukua kidogo tu. Hata hawatajua."

"Kiasi gani?"

"Kijiko. Usinitolee macho! Wewe mwenyewe ulisema, hapahapa mezani, ulikuwa ukijisifu mbele ya wageni: zamani hospitalini watoto walipewa kijiko kimoja wanalala, wanapigwa picha, wanaamka wanadai pipi. Ulisema, hukusema?"

Alisema. Alikumbuka mpaka kiti alichokalia siku hiyo.

"Kijiko cha sharubati, dada! Sharubati! Ile ilikuwa maji na sukari na klorali chembe. Hizi ulizochukua ni fuwele tupu, hazijachanganywa na kitu. Kijiko kimoja cha hizi ni kama chupa nzima ya ile!"

Uso wa dada yake ulibadilika. Ulianza kwenye macho, ukashuka mpaka kidevuni, kama ukuta unaolowa.

"Lakini hakumaliza," alisema kwa sauti ndogo. "Alikunywa nusu, akasema inachoma."

"Kikombe kiko wapi? Umekiosha?"

"Bado."

"Usikiguse. Na zilizobaki?"

"Kwenye kibati cha vifungo."

"Lete vyote viwili. Kikombe kifunike, usimwage hata tone. Kisha kamwite jirani mwenye pikapu, mwambie aiwashe kabisa, asitafute shati." Tayari alikuwa amemgeuza mama ubavu, amemlegezea gauni shingoni, anampiga mashavu kidogokidogo. "Mama. Mama! Amka ugombane na sisi. Mama!"

Mama alitoa sauti kama mtu aliye mbali anayejibu kwa adabu tu. Akanyamaza.

*

Karani wa mapokezi alikuwa na fomu na kalamu iliyofungwa kwa kamba, na hakuwa na haraka na mtu.

"Mgonjwa amekunywa nini?"

"Klorali haidreti."

"Ndiyo dawa gani hiyo? Nani kamwandikia?"

"Hakuna aliyemwandikia. Ni kemikali ya maabara. Mwandikie hivyo, halafu mpitishe."

"Mzee, taratibu. Imetoka wapi? Lazima nijaze."

Dada yake alimvuta shati kwa nyuma. "Sema tumenunua dukani," alinong'ona. "Sema hujui. Kaka'ngu, kazi yako!" Siku zote alimwita mdogo wangu. Leo kwa hofu alimpandisha cheo.

Bwana Mizani hakugeuka. "Andika stoo ya kemikali ya chuo. Jina la mtunza stoo ni langu, hili hapa juu, umeshaliandika."

Karani alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akapiga kengele, na kitanda chenye magurudumu kikaja.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo tu, wa kuweza kuwa binti yake, mwenye macho mekundu ya kazi nyingi. Alipima, akasikiliza, akafungua kope za mama na kumulika. Wauguzi wawili walikuwa wakivuta waya na mipira. Mmoja alitoa spana kwenye mfuko wa gauni, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Na hii chuma ya nini? Mama huyu ni fundi?"

"Nipe mimi," alisema Bwana Mizani.

"Ninyi wawili subirini nje," alisema daktari.

"Nitatoka, daktari, lakini kuna mambo matatu nikitoka nayo utayahitaji."

"Mzee, tafadhali, nafanya kazi."

"Mapigo yanashuka," alisema muuguzi. "Niandae adrenalini?"

"Adrenalini msimpe," alisema Bwana Mizani.

Daktari aligeuka. "Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Mfamasia?"

"Mimi natunza stoo. Kabla ya stoo niliosha chupa miaka tisa."

Muuguzi mmoja aliguna, karibu acheke. Dada mtu, aliyemtania huyu ndugu yake maisha yake yote, alimtazama yule muuguzi kwa jicho ambalo lingeweza kupasua kitambaa.

"Karatasi ya tahadhari iko ndani ya mlango wa kabati langu," alisema Bwana Mizani, na sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku ya kumpimia mwanafunzi. "Moyo wa mtu aliyekunywa klorali unakuwa mwepesi kushtuka. Ukiupa adrenalini, unaweza kwenda mbio ovyo, usirudi kwenye mwendo wake. Sikufundishi kazi. Fungua kitabu chako uangalie. Mimi nangoja hapa."

Daktari alimkazia macho kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akatoa simu yake, akapitisha kidole, akasoma, midomo ikicheza.

"Rudisha hiyo adrenalini," alimwambia muuguzi. "Ongeza maji kwenye mshipa. Leteni mashine ya moyo. Na mpira wa hewa uwe tayari." Akamgeukia tena. "Umesema mambo matatu."

"La pili, alikunywa muda mfupi kabla ya saa tisa na nusu. La tatu ni kiasi. Chupa imepungua gramu kumi na moja. Hiyo nina hakika nayo, nimepima mara mbili. Zilizobaki ziko humu," akaonyesha kibati cha vifungo, "na alichobakiza ni hiki kikombe. Nipe mizani ya famasia na dakika tano."

"Mpelekeni famasia," alisema daktari.

Mfamasia alikuwa mtu mnene asiyependa kuingiliwa, lakini alipomwona mzee huyu anapangusa sahani ya mizani kwa pindo la shati lake kabla ya kuweka kitu, akamsogelea kutazama. Kibati na fuwele: thelathini na moja. Bwana Mizani akazimimina fuwele kwenye karatasi, hakudondosha hata moja, akapima kibati kitupu: ishirini na sita.

"Tano," alisema mfamasia.

"Tano. Kwa hiyo sita ziliingia kikombeni. Kikombe kimebaki nusu, na zenyewe huyeyuka zote, hazitulii chini. Tatu ndizo zilizomwingia mama."

"Umefanya kazi ya uchunguzi wewe?"

"Nimefanya kazi ya kupima."

Alirudi mbio, kikombe na kibati mikononi, spana ikimgonga pajani. Tik, tik. Alimpa daktari jibu naye akalipokea kama mtu anayepokea maji.

"Tatu. Vizuri. Hizo ni nyingi, lakini si zile nilizoziogopa. Sasa, mama ana kilo ngapi?"

Bwana Mizani alimgeukia dada yake.

"Uzito wake, mzee. Gramu tatu kwa mtu mwenye kilo sabini ni jambo moja, kwa mtu mwembamba ni jingine. Ana kilo ngapi?"

"Kama hamsini na tano," alisema dada yake kutoka mlangoni. "Hamsini na tano, sivyo?"

Hiyo ilikuwa ya mwaka jana, kwenye kadi ya zahanati. Bwana Mizani alimtazama mama yake chini ya taa nyeupe ya hospitali. Mifupa ya mabega ilikuwa imeinua shuka. Mkono uliofungwa mpira ulikuwa mkono wa mtoto wa shule. Tangu lini amekuwa hivi? Kila jioni alimpita kwenye kile kiti, akamwambia shikamoo mama, akaitikiwa marahaba, akaenda kula.

"Sijui," alisema.

Walimpima palepale, kwa mizani ya kitanda. Daktari alisoma kwa sauti, ili muuguzi aandike.

"Thelathini na tisa."

*

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, ndugu wawili, kati yao spana. Watu walipita na mashuka, na ndoo, na maua ya plastiki.

"Nipige," alisema dada yake.

"Kwa lipi? Nimeshindwa hata kufunga kabati."

"Nimemuua mama."

"Hujamuua. Anapumua mara kumi kwa dakika, nimehesabu. Ilikuwa sita."

Dada mtu alijifuta pua kwa ukosi wa gauni lake, yeye asiyeweza kuvumilia uzi uliochomoza kwenye nguo ya mtu. "Nitakwambia ukweli. Sikumpa kwa ajili yake. Nilimpa kwa ajili yangu. Kila akipita mlangoni kwangu na hii," aligusa spana bila kuitazama, "nasikia kama ni mdogo wetu mwenyewe anarudi kutoka kazini. Ile sauti yake ilikuwa hivyohivyo, unakumbuka? Anaingia, vyombo vinagongana mkobani, anaanza kuuliza kuna nini cha kula. Kila usiku naamka nataka kumjibu."

Bwana Mizani alikumbuka. Yeye pia aliisikia kila usiku, na kila usiku alivuta blanketi mpaka masikioni. Tangu wamzike, hakuna aliyelitaja jina la mdogo wao ndani ya nyumba ile. Walidhani wanamhurumia mama.

"Na mimi naisikia," alisema.

"Mbona hujawahi kusema?"

"Wewe je?"

Dada yake alicheka, cheko fupi lililojaa maji. "Watu wazima ovyo," alisema.

Mama aliamka asubuhi, jua likiwa limeshaingia dirishani. Kwanza alisogeza vidole. Kisha alipapasa ubavuni, alipopaswa kuwa mfuko. Daktari aliinama na kumwuliza kama anajua yuko wapi.

"Spana yangu iko wapi?" alisema mama.

"Hii hapa, mama," alisema Bwana Mizani, akamwekea kiganjani.

Mama alivifunga vidole. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, macho yakatulia kwa binti yake. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ni yake ileile.

"Siku nyingine ukitaka kuniua," alisema, "tia sukari."

Dada mtu alipiga magoti palepale, uso kwenye shuka, akalia kwa sauti mpaka wa kitanda cha jirani wakauliza kuna msiba gani.

*

Profesa alifunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Alikuwa mtu mwungwana, na aliuchukia usumbufu kuliko dhambi.

"Nimepigiwa simu na hospitali," alisema. "Mama anaendeleaje?"

"Amekula. Amegombana na muuguzi kuhusu mto."

"Alhamdulillahi, Mungu mkubwa. Sasa sikiliza, Bwana Mizani. Wakubwa wakisikia kemikali ya kabati la kufuli imetoka na mtu wa nje, watatufungia maabara nzima. Umebakisha miezi minane. Miezi minane! Kitabu cha stoo hiki hapa. Andika kwamba chupa ilianguka, gramu kumi na moja zikamwagika, zikafagiliwa. Nami nitasaini. Hospitali nitazungumza nao."

Alikisogeza kitabu. Bwana Mizani alikitazama, akaweka mezani kibati cha vifungo.

"Hazikumwagika, Profesa. Tano hizi hapa, nimezirudisha. Sita zilipotea. Na jana hospitali wamemtibu mama kwa namba yangu. Ningekuwa mtu wa kuandika zimemwagika, daktari angetibu nini?"

"Najua. Najua hilo. Lakini—"

"Lebo zangu mia mbili na kumi ziko humo ndani. Nikiandika uongo kwenye moja, zote mia mbili na kumi zinakuwa karatasi."

Akaichukua penseli yake, akaandika bila haraka: gramu kumi na moja zimechukuliwa na ndugu wa mtunza stoo, kabati likiwa wazi kwa uzembe wa mtunza stoo, tano zimerudishwa. Akaweka tarehe, saa na jina. Kisha akachomoa funguo kwenye mkanda, rundo zima, akaziweka juu ya kitabu. Zilikuwa nzito. Hakuwahi kujua ni nzito kiasi gani, na hakuona sababu ya kuzipima.

Kamati ilikaa siku mbili. Hawakumfukuza. Walimwondoa stoo, wakampa karipio la maandishi, wakamrudisha kwenye kuosha chupa kwa miezi minane iliyobaki. Kazi aliyoanza nayo kijana, na mvi kichwani. Siku ya kwanza alipofunga aproni ya mpira, wanafunzi walipita dirishani wakajifanya hawajamwona, na hilo ndilo lililomuuma, kuliko kama wangemcheka. Alisuuza chupa ya kwanza kwa maji ya moto, akaiinua kwenye mwanga. Iling'aa. Akaichukua ya pili. Kufika saa nne alikuwa anapiga mluzi, na mtunza stoo mpya alikuja kusimama mlangoni, ameshika chupa ya kahawia, hajui aiweke wapi.

"Samahani, Bwana Mizani. Hii namba ya chini kwenye lebo ni ya nini?"

"Uzito wa chupa tupu. Ukipima bila kuutoa, umepima kioo. Na funga kabati hata ukiitwa na Profesa. Hasa ukiitwa na Profesa."

*

Mizani ya nyumbani aliinunua ya mtumba, ya chuma, yenye sindano iliyokuwa ikiyumba kabla ya kutulia. Aliirekebisha mchana mzima kwa kutumia chupa za maji alizojua uzito wake, mpaka dada yake akamwuliza kama anataka kuioa. Akaiweka nyuma ya mlango wa jikoni, na juu yake, kwenye rangi ya mlango, akaandika kwa penseli: thelathini na tisa.

Kila Jumamosi mama alipanda. Arobaini. Arobaini na nusu. Arobaini na nusu tena, wakati alipopata mafua. Bado alitembea usiku, lakini si usiku wote, na sasa akipita, mlango mmoja ulikuwa ukifunguliwa na mtu akamwita aingie akae. Walianza kulitaja jina. Mwanzoni kwa shida, kama mtu anayeonja kitu cha moto. Kisha wakaanza kusimuliana jinsi marehemu alivyofurisha jiko la watu akitengeneza bomba la bafu, na mama akacheka mpaka akashika ubavu.

Jumamosi ya wiki ya tisa mama alipanda kwenye mizani akiwa na gauni jipya aliloshonewa na binti yake, lenye mfuko mpana mbele. Sindano iliyumba, ikapanda, ikatulia.

"Arobaini na nne!" alisema dada mtu akipiga makofi. "Mama, unanenepa kama bosi!"

Bwana Mizani alivaa miwani, akainama. Akamtazama mama yake kutoka chini.

"Mama. Mfukoni kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mama."

Mama alitazama dari, kama mtoto aliyeulizwa kuhusu sukari. Utepe mwekundu ulikuwa ukichungulia mfukoni.

"Mdanganyifu mkubwa!" dada mtu alisema. "Wiki zote hizi umekuwa ukipanda nayo?"

"Nyie mlitaka kilo," alisema mama. "Nimewapa kilo."

Dada yake alinyoosha mkono aitoe. Bwana Mizani alimzuia. Alisimama pale, penseli mkononi, mtu ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuandika uzito bila kutoa chupa. Sindano ilikuwa imetulia kabisa.

"Mwache," alisema.

Akageukia mlango, akaandika arobaini na nne, na tarehe, na saa. Chini yake, mahali ambapo kwenye lebo angeandika uzito wa chupa tupu, hakuandika kitu.